Mabega ya Kumbeba Fundi Aniello

Habari ya kifo cha kaka yangu Aniello nililetewa kutoka chini, uani, kwa kupigiwa kelele kama mtu anayetangaziwa samaki. Nilikuwa kwenye roshani yangu ghorofa ya tatu, navuta kamba ya kikapu cha mkate. Jirani yangu Donna Rachele alikuwa amesimama kando ya kisima cha zamani, shingo ameikunja kuangalia juu.

"Nunzia! Shuka, Nunzia! Kaka yako!"

"Kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Amelala mezani karakanani na haamki. Daktari kashafika. Mungu amrehemu."

Kamba ikaniponyoka, kikapu kikaenda chini, mkate ukabiringika hadi miguuni pake. Rachele hakuuokota. Hilo ndilo lililonigonga kwanza. Mwanamke huyu amepanda ngazi zangu miaka yote bila hodi, kuazima kotmiri, kuazima chumvi, kukaa na kusema watu. Siku ya msiba wangu alibaki chini, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa aproni, na ule mfuko ukawa unachezacheza. Nilijua ameshika nini. Ni ile pembe ndogo nyekundu ambayo kila mtu hapa Napoli anayo, shingoni au kwenye funguo, ya kujikinga na jicho baya. Alikuwa akijikinga na maiti ya kaka yangu, na mimi pia, maana damu ni moja.

Nilimkuta Aniello kwenye kiti chake, shavu juu ya mkono, brashi imekaukia kati ya vidole. Mbele yake alisimama Kaisari Augusto wa udongo, mrefu kama kalamu, akisubiri kupakwa nyusi. Daktari akasema ni moyo, hakuteseka. Nikafanya ishara ya msalaba, nikambusu kaka yangu kwenye paji la uso, nikamfumba macho vizuri. Nilipogeuka, mlango ulikuwa umejaa watu na hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti. Walikuwa wakichungulia juu ya bega langu. Hawakumtazama marehemu. Walitazama mezani, kuona leo nani amevaa joho.

Aniello alikuwa mkubwa wangu. Ufundi aliupata kwa baba, na baba kwa baba yake, kwenye chumba kilekile kisicho na dirisha la nyuma. Hakuoa. Alichumbia mara moja, binti akaolewa na karani wa benki, na mwaka ule punda wote wa udongo wa Aniello walitoka na masikio yaliyofanana sana na ya yule karani. Alipenda kahawa yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa bila kuushika wimbo, na Padre Liborio alikwisha kumwomba mara kadhaa aimbe moyoni. Ijumaa hakula nyama. Kila kichwa alichokitia tanurini alikifanyia ishara ya msalaba kwanza, kiwe cha malaika au cha muuza jibini.

Uchochoro wetu kazi yake ni sanamu za pango la Noeli. Tunaziita wachungaji zote, hata Herode. Na kila mwaka, pamoja na wachungaji wenyewe na mwoka mikate na Warumi wa Kaisari, watu wanataka nyuso za mwaka huo: waziri, mchezaji mpira, mwimbaji, mtangazaji wa televisheni. Wanawaweka nyumbani kwenye njia ya kuelekea pangoni, kila mmoja na zawadi mkononi. Tatizo ni kwamba nyuso hizo huchacha. Waziri akianguka hakuna mama anayemtaka karibu na Mtoto Yesu. Sabatino, mwenye duka la kuelekeana na letu, waliochacha huwapiga nyundo, na vigae vyao anajengea miamba ya pango. Kaka yangu alikuwa na njia yake. Alibandua suti, akachovya kipande cha pamba kwenye gundi na chokaa, akawavika joho jeupe la Kirumi. Kisha akawapanga dirishani nyuma ya Kaisari Augusto, yule anayesoma amri ya kuhesabu watu.

"Kwa Kaisari nafasi haikosekani," alikuwa akisema.

Mwanzoni watu walicheka. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa tisini, wakubwa wakianguka kila wiki kama plasta ya ukuta wenye maji, na baraza la Kaisari likajaa hadi Aniello akaongeza ubao. Waandishi walikuja kupiga picha. Mtu akifukuzwa kazi serikalini, baa nzima ilisema, "Huyo kesho yuko Roma."

Kisha likaja la Mheshimiwa Carandente. Ersilio Carandente alikuwa wetu, mzaliwa wa uchochoro wa pili, mbunge wa miaka mingi. Taa za barabarani alizileta yeye, na nusu ya vijana wa mtaa walipata kazi kwa neno lake. Sanamu yake iliuzika kila Noeli. Mwaka ule haikuuzika, sijui kwa nini, watu walikuwa wameanza kunusa kitu. Aniello akamvika joho Novemba, na mwenyewe bado yuko kitini. Msaidizi wake akaja mbio, kijana mwenye marashi mengi. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka chakula.

"Fundi, hii nini?"

"Mheshimiwa."

"Naona ni Mheshimiwa. Mbona amevaa shuka?"

"Suti ilishika vumbi. Hii safi."

"Lakini bado yuko madarakani!"

"Sijasema hayuko. Nimesema hauziki."

Kabla ya Noeli polisi walimchukua Carandente alfajiri, na pajama lake, mtaa mzima ukiangalia.

Hata hapo wengine walicheka. Ila baadaye Aniello alimvika joho mshambuliaji wa timu yetu, aliyekosa penalti na watu wakarudisha sanamu zake kwa hasira. Jumapili iliyofuata goti la yule kijana likavunjika uwanjani. Kuanzia hapo sikumsikia mtu akicheka. Neno likazunguka: Aniello ana jicho, Aniello ni nuksi, akikuvalisha umekwisha. Neno kama hilo haliji lenyewe, kuna mdomo uliolianzisha. Mimi siku zote nimemshuku Sabatino, maana wateja walipoanza kuvuka upande wa pili wa uchochoro, upande wenyewe ulikuwa wake.

"Mimi?" aliniambia nilipomuuliza. Akaweka mkono kifuani kama mfia dini. "Mimi nampenda kaka yako, Nunzia. Namwomba tu asiniangalie ninapopanga akina Herode wangu."

Wanawake walifunika vigari vya watoto wakimwona. Mwenye baa, Gaspare, ambaye Aniello alimsimamia ubatizo, akaanza kumpa kahawa kwenye kikombe cha plastiki na kumwomba anywee nje, eti ndani kumejaa. Ndani alikuwemo paka tu. Wakati huohuo kuna waliokuja kwa mlango wa pembeni, wamejifunga vitambaa, kutaka yaleyale waliyokuwa wakiyakimbia. Mama mmoja alileta picha ya harusi.

"Mvalishe huyu, Fundi. Nitakulipa vizuri."

"Ni nani?"

"Mke wa mwanangu."

"Kwani ni mtu wa serikali?"

"Anajiona hivyo."

Aniello alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia aende kuungama, kanisa liko wazi.

Mimi mwenyewe nilimuuliza. Jumapili moja, mezani kwangu, makaroni bado yanafuka moshi.

"Aniello, niambie mimi dada yako. Unajuaje?"

"Najuaje nini? Hawauziki, basi."

"Hata Sabatino hawauzi. Yeye anavunja. Wewe mbona huvunji?"

Akaweka uma chini. "Nunzia, mtu nimekaa naye kutwa. Nimempa pua, nimempa mboni za macho. Nimemwombea kabla hajaingia motoni. Halafu nimpige nyundo kwa kuwa gazeti limemchoka? Uso ni uso, kauweka Mungu. Mimi siwezi. Kavunje wewe."

Aliyasema hayo akiangalia sahani. Mtu mwenye siri huangalia sahani, na mwenye njaa vilevile. Nilimwongezea mchuzi na sikuuliza tena.

Basi huyo ndiye aliyekufa, na sasa mrudi nami ngazini kwangu, kwa maana maiti tuliileta nyumbani kama ilivyo desturi. Mwanangu Tullio na watu wawili wa kampuni ya mazishi ndio walioipandisha. Kwetu mfiwa hawashi jiko. Majirani ndio wanaoleta kahawa na supu, wanakaa, wanalia, wanasema marehemu alivyokuwa. Nilipanga viti vyote nilivyonavyo kuzunguka kitanda. Vikabaki vitupu.

Jioni ikasikika sauti ya Rachele kutoka chini. "Nunzia! Shusha kikapu!"

Nikashusha. Kikapanda na chupa ya kahawa ya moto, sufuria ya supu iliyofungwa taulo, na biskuti. Nikashusha tena, akatia Gaspare. Nikashusha tena, akatia mke wa Sabatino. Walikuwa wamepanga foleni pale uani, wamevaa nyeusi, kila mmoja na chombo chake. Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Ila chini ya biskuti nilikuta punje za vitunguu saumu, nazo kinga ya jicho.

Aliyepanda ni Padre Liborio peke yake. Alisali vizuri, kwa sauti, akamnyunyizia maji ya baraka. Lakini mkono wake wa kushoto haukutoka mfukoni, na mimi siku ile nilikuwa naangalia mifuko ya watu.

"Padre, na wewe?"

"Nimeshika rozari, mwanangu."

"Itoe niione."

Akaitoa. Ilikuwa rozari kweli. Imejisokota na funguo zake, na kwenye funguo ikaning'inia ile nyekundu.

"Ilikuwa ya marehemu mama yangu," akasema, akaangalia sakafu.

Nikamwambia ninachokitaka. Fundi wa uchochoro wetu akifa, habebwi kwa gari. Anatolewa karakanani kwake, anabebwa mabegani na mafundi wenzake hadi kanisani, na kila duka wanasimama, mwenye duka anatoka mlangoni na Mtoto Yesu mkononi. Baba yetu alibebwa hivyo. Hata mlevi Sossio, aliyekuwa akiuza wanyama wenye miguu mitatu, alibebwa hivyo. Jeneza linataka watu sita. Aniello asipobebwa, basi neno lao limekuwa kweli, na litaandikwa juu yake hadi siku ya mwisho. Mwenye kampuni ya mazishi, mtu mstaarabu, alinipendekezea kitoroli cha magurudumu.

"Kinakwenda kimya sana, mama. Hata hakitikisi."

"Kama gunia la viazi?"

Akaniahidi wale watu wake wawili. Na Tullio wa tatu. Nikavaa mtandio nikaenda kutafuta wengine.

Sabatino alikuwa akimfunga ngamia kwenye karatasi. "Ningembeba peke yangu, Nunzia, Mungu shahidi. Ila mgongo."

"Jana uliinua tanuri."

"Ndiyo lililoniumiza."

Gaspare alikuwa na bega. Muuza kuvu za kijani za kutandika pangoni alikuwa na ngiri. Wale ndugu wawili wanaotengeneza matunda ya nta wakasema mmoja ana mguu na mwingine hawezi kumwacha mwenye mguu. Asubuhi ile uchochoro mzima ulikuwa wa kulazwa. Kila mmoja alinipa pole kwa maneno matamu, na kila mmoja aliongea nami akiwa amesimama upande wa pili wa meza. Nikarudi nyumbani, nikapiga magoti kando ya kaka yangu, nikasali matendo yote ya uchungu ya rozari. Sikumwomba Mungu miujiza. Nilimwomba mabega matatu.

Siku ya mazishi jeneza lilikuwa juu ya vigoda viwili mlangoni pa karakana. Uchochoro ulijaa. Hawa watu hakukosekana hata mmoja, ila walijibana kwenye kuta pande zote mbili, katikati pakabaki wazi kama panapita maji. Tullio alikuwa mbele, wale wa kampuni nyuma. Padre Liborio akaniangalia, nami nikamwangalia.

Ndipo watu wa upande wa kanisa wakaanza kusogea, na katikati akatokea mwanamume mwembamba, koti kubwa kuliko mwili, kofia mkononi. Sikumtambua mpaka nilipoiona pua. Alikuwa Carandente. Tulisikia ametoka, anasubiri kesi, haonekani mchana. Wanawake wakafanya ishara ya msalaba, wanaume wakatia mikono mifukoni. Alikuja moja kwa moja mbele yangu.

"Pole, Donna Nunzia."

"Umekuja kuhakikisha amekufa?"

Nilisema kwa sauti, watu wakasikia.

"Nusu," akasema.

"Na nusu nyingine?"

"Nilipotoka, jina langu walikuwa wamelifuta kwenye ukuta wa shule. Mke wangu kaziweka picha zangu chini ya kitanda. Nikapita hapa na kofia usoni, nikajiona. Bado nipo dirishani kwake. Kaniweka mstari wa mbele, karibu na Kaisari." Akageuza kofia mikononi. "Na pua ni ileile. Wengine wote walikuwa wakiirefusha."

"Huogopi?"

"Niogope nini, mama? Atanifanya nini tena?"

Akaweka kofia juu ya kizingiti, akavua koti, akaingiza bega chini ya jeneza, nyuma ya Tullio. Mimi sikumwamini kwa yote. Mtu aliyeishi kwa kuomba kura hata kilio chake unakipima. Lakini bega lilikuwa bega.

Nyuma yangu nikasikia mnong'ono. Alikuwa Sabatino, anamwambia Gaspare.

"Umeona? Huyu ndiye aliyevalishwa. Aliyevalishwa akimbeba aliyevalisha, yamekatana. Kisirani kwa kisirani, hakuna kinachobaki."

"Una uhakika?"

"Ni hesabu tu. Na atakayebeba naye anasafika mwaka mzima."

"Na mgongo wako?"

"Umepoa. Bega lako?"

"Nalo naona limetulia."

Wakatoka ukutani wote wawili kwa pamoja, wakagongana. Sabatino akasimama sambamba na Carandente, Gaspare akaenda mbele kando ya Tullio. Kabla jeneza halijainuka, wale ndugu wa matunda ya nta walikuwa wamefika, mwenye mguu akiwa mbele, na muuza kuvu akaanza kulalamika kwamba amewahiwa nafasi.

"Wewe una ngiri!" Gaspare akamwambia.

"Ngiri yangu inakuhusu nini? Nipishe!"

"Mtapokezana," Padre Liborio akasema kwa ukali. "Kila duka, zamu. Na mifuko yote nje, nisione mkono mfukoni."

Wakainua. Nilitembea nyuma ya jeneza na rozari yangu, nikiangalia migongo yao. Nilijua kila mmoja amekuja kwa sababu gani, na si sababu ya kumsimulia mtu kanisani. Nikamwambia Aniello kimoyomoyo, umeona, wanakubeba. Mabega niliyoyaomba nimepewa, mioyo sikuiagiza.

Walisimama kila duka. Kila mwenye duka alitoka na Mtoto Yesu wake mkononi. Mbele ya duka la Sabatino alitoka mke wake, na Sabatino mwenyewe, jeneza likiwa begani, alikuwa analia machozi mengi sana. Nilimtazama usoni kwa muda mrefu. Kama ndiye aliyelianzisha lile neno, sikuona ndiyo wala hapana. Hilo nimemwachia Mungu, aliyemjua kaka yangu na anayemjua na Sabatino.

Misa ilikuwa fupi. Padre hakusema neno juu ya jicho wala joho. Alisema marehemu hakuwahi kuvunja uso wa mtu, na kwamba aliimba vibaya na Mungu alikuwa akimsikiliza hivyohivyo. Gari likatupeleka makaburini. Shimo lake liko kwenye ukuta, safu ya pili kutoka chini, pembeni ya baba. Walimsukuma ndani taratibu. Tukasema pamoja, raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Mwashi akachanganya chokaa, akapanga matofali, akalainisha kwa mwiko. Carandente alisimama nyuma kabisa hadi tofali la mwisho, akavaa kofia, akaondoka kwa miguu. Rachele alikuja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mitupu. Nikaweka maua mekundu chini ya ukuta, nikagusa chokaa ambayo haijakauka, na Tullio akanirudisha nyumbani.